Kadi ya Doto

Watu walikuwa wamejazana kwenye mabenchi yote ya mapokezi ya dharura, wengine wamekaa chini sakafuni, lakini benchi la tatu kutoka dirishani lilikuwa tupu. Marciana alilitambua kabla hajavuka mlango. Ni lilelile. Alitaka kusimama, ila kusimama huku mtu mzima wa miaka kumi na tisa amekuegemea shingoni si mchezo, na binti yake Kulwa miguu ilishamwisha nguvu tangu walipoteremka kwenye bodaboda. Basi akaketi, akamlaza binti kichwa mapajani, akajiambia kwamba mbao ni mbao tu.

Mama mmoja wa Munisagara, mwenye mtoto mgongoni, akamwinamia sikioni.

"Dada, mimi nilikaa hapo alfajiri. Nikasukumwa begani, taratibu, kama mtu anayeomba nafasi. Nageuka, hakuna mtu. Nikahama."

"Asante, dada," Marciana akasema, lakini hakuhama. Ahamie wapi?

Mwaka juzi, mwezi wa nne, alimlaza Doto hapohapo. Doto ni pacha wa Kulwa, na tumbo lilimshika upande huohuo wa kulia. Hospitali yenyewe iko kwenye barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi, na jina lake tuliache. Foleni ya pale ina sheria ambazo hazijabandikwa ukutani. Wanaanza waliopigiwa simu, wanafuata wanaojuana na mtu, halafu wanaojua kujieleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Wasukuma wa mbugani huko nyuma ya Rudewa, wenye harufu ya maziwa na vumbi la zizi, hao wana benchi. Siku ile nesi aitwaye Doris alifunua tumbo la Doto, akaona chale mbichi alizochanjwa nyumbani, akalifunika haraka kama mtu aliyefunua sufuria akakuta mboga imechacha.

"Mmeanza kwa mganga, mkamalizie kwa mganga," alisema. "Ng'ombe mnajua kuwapeleka josho kwa wakati, na mahindi ya watu mnajua kuwalisha. Watu wenu mnawaleta wameshaoza. Mwache hapo, ataitwa. Wewe toka nje, ndugu hawaruhusiwi kujazana humu."

Marciana akatoka. Mtu mwenye sare akisema toka, unatoka. Aliporuhusiwa kuingia saa kumi jioni, Doto alikuwa amefunikwa uso. Sasa Kulwa alikuwa anaungua mapajani mwake, midomo imemkauka, na Marciana alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki duniani. Alimwomba Mungu kwa maneno ya ugomvi kabisa, bila adabu.

Karani wa pale dirishani, Mudathir, mwanamume wa makamo mwenye miwani, alinyoosha mkono bila kuinua uso.

"Kadi."

Marciana akapekua mfuko wa plastiki. Tangu wale watoto wazaliwe hakuwahi kuwanunulia kitu kimoja. Vikombe viwili, vitenge viwili vya doti moja, kadi mbili. Hata Doto alipozikwa, vyake havikugawiwa. Kwao Marciana, kutenganisha vitu vya mapacha ni kumwambia aliyebaki kwamba naye ajiandae. Kwa hiyo kadi zilikaa pamoja, na kwa kuwa yeye hakujua kusoma, alizitofautisha kwa kona: ya Kulwa ilikuwa imekunjika. Alipotoka nyumbani alivuta sandukuni yenye kona iliyokunjika, nyingine akaiacha, na hiyo ndiyo aliyoitoa sasa. Kumbe mvua ya wiki iliyopita, iliyovuja mpaka ndani ya sanduku, ilikuwa imezikunja zote mbili.

Mudathir akabonyeza kompyuta yake. Akabonyeza tena. Kisha akavua miwani.

"Lightness Maganga?"

Lightness ni jina la ubatizo la Doto. Kulwa alibatizwa Paulina.

"Mfumo umemfunga huyu," Mudathir akasema. "Unaandika amefariki. Mwezi wa nne, mwaka juzi, hapahapa dharura." Akanyanyuka kitini, akamchungulia Kulwa kule benchini, na kicheko alichokuwa anakiandaa kikamfia mdomoni. "Mama, unaniletea nani?"

Marciana alifungua kinywa aseme amekosea kadi. Akakifunga. Angesema hivyo, angeambiwa arudi Rudewa akaifuate iliyo sahihi, na Kulwa hakuwa na nguvu za kungoja safari nyingine ya Rudewa.

"Ni mwanangu," akajibu. Huo haukuwa uongo.

"Kaa hapo. Namwita sista."

Wakati huo gari jeupe likasimama mlangoni, akashuka mzee mmoja mwenye hoteli huko Mikumi, kidole gumba kimeviringishwa leso. Alipita katikati ya watu wote wale hadi ndani. Hakuulizwa kadi wala hakugusa benchi. Kidole! Marciana hasira zilimpanda hadi akahisi ladha ya chuma ulimini. Kulwa alikuwa ameacha hata kuguna.

Ndipo Doris akatokea. Alikuja kwa mwendo wake uleule wa kukimbizana na dunia, anasema kabla hajafika.

"Nani tena mnayeniambia eti mfumo..."

Hakumaliza. Alimwona Kulwa. Uso ni uleule, hata kidoti cha chini ya jicho. Kitenge ni kilekile cha ndege wa manjano, maana vilikuwa viwili na Kulwa hakuwa na kingine kisafi siku hiyo. Benchi nalo lilelile. Watu waliokuwa wanazungumza wakageuka mmoja baada ya mwingine, bila kujua wanatazama nini.

Kulwa akafumbua macho. Homa ilikuwa imeyang'arisha.

"Sista," akasema, kwa Kiswahili safi. "Si ulisema nitaitwa?"

Kulwa hakuwepo siku ile, alikuwa kwa shangazi yake Munisagara. Maneno ya Doris hakuna aliyemsimulia. Marciana mwenyewe hakuwahi kuyatamka kwa mtu yeyote, hata kwa Maganga mumewe, kwa sababu yalimtia aibu ya kutoka nje na kumwacha mtoto. Akamtazama binti aliyelala mapajani mwake, na kwa pumzi moja, Mungu amsamehe, hakujua amembeba nani.

Doris alikuwa ameshika ukuta.

"Nilikufunga kidevu kwa mikono yangu," alinong'ona. Kisha akapiga kelele iliyowatoa wauguzi hadi wodi ya pili. "Machela! Leteni machela hapa, upesi!"

Hapo ndipo Marciana alipoona jinsi hospitali inavyoweza kwenda ikitaka. Milango ilifunguka. Dripu ilitundikwa wakiwa bado wanatembea. Mzee wa hoteli aliambiwa ateremke kitandani akae kwenye kiti, akabaki anauliza kama wanamjua yeye ni nani, na hakuna aliyekuwa na habari naye. Daktari Samwel akaja anavaa glavu, akaligusa tumbo kwa vidole viwili, uso ukamkunjamana.

"Kidole tumbo. Kiko karibu kupasuka. Tunampasua sasa hivi. Jina?"

"Lightness," Doris akawahi. "Lightness Maganga."

Alimgeukia Marciana, na macho yake yalikuwa yanaomba. Wakaleta fomu ya ridhaa na kidau cha wino. Marciana alijua akisema neno moja tu wangesimama, wangeanza kuulizana, na ile hofu iliyokuwa inawakimbiza ingewatoka. Aliogopa pia kuweka jina la maiti juu ya mwili wa aliye hai. Kwao mtu hafanyi hivyo hata kwa mzaha. Kisha lilimjia wazo lililomtoa machozi: Doto hakupata upasuaji huu. Basi na apate, hata kwa karatasi. Akabonyeza dole gumba chini ya jina la mwanawe aliyekufa, na mlango ukafungwa.

Alisubiri kwenye korido ya chumba cha upasuaji, amesimama. Hakukaa benchi lolote tena.

Saa nane mchana Kulwa alilazwa kwenye kitanda cha dirishani, amefungwa tumboni, anapumua vizuri. Alipozinduka aliita "mayu", kama wanavyomwita mama kwao, akaomba maji, akaambiwa bado. Sauti ilikuwa ya Kulwa. Marciana alimshika kila kidole cha mguu, kimoja kimoja, kama siku alipozaliwa.

"Ulisema nini na yule nesi pale nje?" alimuuliza kwa Kisukuma.

"Nesi yupi?" Kulwa akasema, akalala tena.

Doris aliingia muda si mrefu, mkoba begani, tayari kwa kwenda nyumbani. Zamu yake ilikuwa inaisha saa tisa. Alisimama mbali na kitanda.

"Shikamoo, mama."

Mwaka juzi hakuamkia. Marciana aliiacha salamu ielee kidogo.

"Marahaba."

"Leo nimefanya kila kitu. Sikutoka chumba cha upasuaji hata kunywa maji, nilimshika mkono muda wote. Mwambie ameshaitwa, mama. Mwambie aniache sasa." Akautupia macho mlango. "Miaka miwili. Kila zamu nikipita pale namwona amekaa, amejishika ubavu, ananiangalia. Harufu ya maziwa inanifuata mpaka nyumbani. Nilidhani naugua kichwa. Leo ndiyo mara ya kwanza wenzangu nao kumwona."

Huruma ilimjia Marciana, akaisukuma. Ilirudi, akaisukuma tena.

"Huyu anaitwa Kulwa," akasema. "Ni pacha wa yule. Nilikosea kadi."

Doris alimtazama Kulwa, akamtazama mama yake, kisha akaketi kwenye ncha ya kitanda cha jirani akacheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, anarudia, "Pacha. Jamani, pacha tu." Rangi ilianza kumrudia usoni. Akajifuta kwa kiganja, na kidogo ule ukali wake wa kazini ukachungulia.

"Sasa kwa nini hukusema? Mmetutia presha wodi nzima, faili lenyewe limeharibika. Ungesema tu huyu ni mtu mwingine."

"Ningesema, ungemtibu?"

Doris akafungua kinywa. Nje mtoto alikuwa analia, karani anaita jina, na mzee wa hoteli anapiga simu kwa mtu mkubwa fulani. Doris aliyasikiliza yote hayo. Marciana alisubiri jibu kwa uaminifu kabisa. Angefurahi kulisikia, hata kama lingekuwa la uongo.

"Nilimkosea yule binti," Doris akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Kisha kitu kikamgonga. Marciana alikiona kikimfikia, maana mikono yake ilianza kutafuta mahali pa kushika. "Mama. Kama huyu ni pacha... yule ninayemwona siku zote..."

"Yule bado hajaitwa," Marciana akasema.

Hakusema ili kumtisha. Alisema kwa sababu ndivyo alivyoona. Asubuhi, wakati machela inaondoka mbio na Kulwa, aligeuka kulitazama benchi mara moja. Watu walikuwa wamesimama kwa kukosa nafasi, wazee, wajawazito, na hakuna aliyelikalia. Kwenye ubao kulikuwa na alama ya jasho la Kulwa, na pembeni yake alama nyingine, mbichi vilevile. Marciana mwenyewe alikuwa amekaa upande wa pili. Aliondoka bila kumuaga Doto, na hilo lilikuwa linamuuma kuliko yote.

Saa tisa ikagonga. Mlango wa kutokea hospitali nzima ni mmoja, ule wa dharura, na ukitoka huna budi kupita mbele ya mabenchi. Doris alikwenda hadi kizingitini akarudi. Alikwenda tena akarudi.

"Nisindikize, mama," akaomba. "Si mbali. Mpaka getini tu, halafu urudi."

Marciana alinyoosha kitenge cha ndege wa manjano juu ya miguu ya mwanawe, akakichomeka chini ya godoro upande huu na upande ule.

"Mwaka juzi uliniambia nitoke nikamwacha mgonjwa wangu peke yake," akasema. "Leo sitoki."

Doris alibaki pale mlangoni, amekumbatia mkoba kifuani. Wauguzi wa zamu ya jioni walianza kuingia, wakimsalimia, wakimpita.