Nani Alimwona Elkanah Akizama?

Mwaka ule wa sitini na mbili ziwa lilipanda likameza mashamba ya Kisegi, na visiwa vya mafunjo vikawa vinapita mbele ya shule vyenyewe, ndege wao juu, taratibu, kama watu wanaohama bila haraka. Bathsheba alivitazama dirishani badala ya kutazama ubao. Baba yake, Elkanah, alikwenda kuvua upande wa Tanganyika mvua zilipoanza. Mvua zilikatika, naye hakurudi.

"Bathsheba! Habari hii ni ya kweli?"

Aliyeuliza ni Mwalimu Werema, Mkuria wa kule Migori, ambaye Kijaluo chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo alifundisha kwa Kiswahili. Mkononi alikuwa na kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari dukani. Kilisema soko zima la Homa Bay limezama.

"Nani alikwenda soko hilo wiki jana?" Mikono ikainuka. "Mlinunua vitu chini ya maji?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akabandika karatasi kubwa nyeupe ukutani. "Hili ni gazeti letu, Jicho la Kisegi. Kila habari iwe na mtu aliyeona. Sisemi aliyesikia, aliyeona! Kama hayupo, haiingii, hata iwe tamu vipi." Bathsheba akafanywa mhariri kwa sababu ya mwandiko wake.

Jioni hiyo alikuta kwao kilio. Baba yake mdogo, Javan, alikuwa ametoka sokoni na habari: mtumbwi wa Elkanah umepasuka katikati ya ziwa, na Elkanah amezama. Nyanya yake, Dani Phelesia, alikuwa chini, mikono kichwani. "Nilijua! Nilijua mimi!"

Na tunda la yago, yaani mwegea, lilikuwa limeshaletwa, jamani, refu na zito kama mchi. Mtu akipotelea majini Wajaluo hawamwachi hivi hivi. Tunda hilo huvishwa sanda, likazikwa na kuliliwa kama mwenyewe. Ila akishazikwa amezikwa. Hata akirudi kwa miguu yake hana lango la kupitia. Ni mzimu huyo. Na mazishi yalipangwa Jumamosi.

Bathsheba hakulia. Alfajiri ile alikuwa amemwona baba yake ndotoni, ameketi juu ya kisiwa cha mafunjo kinachoelea, ukungu umemfika magotini, anasuka wavu. "Nyara," alimwita, binti yangu, "nishikie uzi." Aliamka bado anausikia uzi ule vidoleni, umelowa. Baba yake yu hai. Nani angemwambia nini?

"Baba mdogo," aliuliza, "nani aliona?"

"Mtoto gani huyu! Anahoji msiba kama askari!" Javan alifoka, kisha akajibu: "Benta, muuza samaki. Haya, nenda kamsumbue yeye."

Akaenda. Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika njia, na meza za soko zilionekana kama zinaelea. Benta aliacha kupanga samaki wake. "Mimi sikuona, mwanangu. Aliniambia Onyango, yule mvusha watu. Alinieleza mpaka mtumbwi ulivyopasuka."

Onyango alikuwa anachota maji kwenye mtumbwi wake kwa kibuyu. Aliposikia swali akaanza kujikuna shingo.

"Niliambiwa hapa pwani. Na mama mzee mmoja, alikuja kununua dagaa wa omena." Akamtazama binti huyo vizuri. "Ni nyanya yako."

"Na mtumbwi uliopasuka?"

"Ah, huo niliuweka mimi. Mtu azame bila mtumbwi kupasuka, nani atakusikiliza?"

Lo! Bathsheba alitamani kumpiga kwa kasia lake mwenyewe. Badala yake alikimbia nyumbani, akapiga magoti mbele ya Dani Phelesia. "Dani, ulimwambia nini Onyango?"

Bibi alifuta macho. "Nilimwambia nilivyoona. Elkanah amesimama majini, yamemfika kifuani, ananiomba blanketi. Anasikia baridi mwanangu."

"Ulimwona wapi?"

"Usingizini. Mtu huona wapi tena akizeeka?"

Bathsheba akamweleza yote: habari ilitoka kwake, ikaenda kwa Onyango, kwa Benta, kwa Javan, mpaka ikarudi pale pale mkekani alipoota. Bibi akaupapasa mkeka.

"Kumbe niliyemlilia nilimtoa kichwani mwangu mwenyewe?"

"Ndoto za wazee si za kuchezea," Javan alisema, ingawa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kama anaomba blanketi, tumzike apate kupumzika."

Hapo Bathsheba alifungua mdomo aseme ndoto yake. Ilikuwa tamu, ilikuwa na uzi na wavu, ingemnyamazisha kila mtu. Lakini aliisikia sauti ya Mwalimu Werema. Ndoto yake ikiingia, ya Dani nayo itaingia, na yago litaingia kaburini. Akaimeza.

"Hakuna aliyeona," alisema. "Hata mimi." Ndipo alipolia, akalia mpaka Javan mwenyewe akalibeba tunda lile na kulilaza chini ya ghala. "Basi lingoje hapo. Akija aliyeona, tutazika."

Kwenye Jicho la Kisegi aliandika, "Elkanah wa Kisegi: bado hatujui," na chini yake akaacha nafasi nyeupe. Wenzake walijaza zao kwa habari za mbuzi na mpira. Yake ilibaki vile vile huku maji yakirudi nyuma polepole na visiwa vikizidi kupita. Aliacha kuota.

Mchana mmoja alisikia mtu anakohoa nje ya ua wa minyaa. Mwanamume amekonda, wavu begani.

"Nyara, usinikaribie," alisema. "Mlinizika lini?"

Bathsheba alishika lango. Upepo ulimtupa baba yake ng'ambo, akaugua huko, akapona, akarudi kwa miguu kupitia Migori; hayo aliyasema akiwa pale pale nje, hathubutu kugusa lango lake mwenyewe.

"Nani amekuambia tulikuzika?"

"Sokoni Migori. Wanasema mlichinja ng'ombe, na mwalimu wako alilia mpaka akashikwa."

"Baba, nani aliona?"

Elkanah akashusha wavu begani.

Bathsheba alikimbia ghalani. Alirudi amelikumbatia yago, limekauka, halijavishwa sanda, lina alama za meno ya mbuzi, akaliweka langoni miguuni pa baba yake. Elkanah aliligeuza kwa kidole cha mguu, akaligeuza tena. Kisha akaliruka, akaingia kwake.