Lipu Isiyobanduka

Kila jioni, kwenye shule ya mafundi ya chama cha wafanyakazi wa ujenzi kule Nyamirambo, Kigali, wanafunzi walibomoa walichokijenga mchana. Lipu ya kujifunzia ilikuwa mchanga na chokaa tu, bila saruji, maana saruji ni ghali na mwanafunzi ni mharibifu. Mwalimu Nsengiyumva akishapitisha ubao wake ukutani na kukosoa alivyokosoa, kila mtu alikwangua kipande chake, mchanga ukarudi kwenye pipa kungoja kesho.

Mukeshimana alikuwa mwanamke pekee kwenye darasa la lipu, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Mwaka 1991 alifaulu mtihani. Alichotaka ni kadi ya chama, basi. Bila kadi, kwenye jengo lolote la Kigali wewe ni yede, wa kubeba karai na kukoroga udongo, hata kama ukuta unaujua kama uso wa mama yako.

Sekreteri wa chama, Bwana Kagabo, alitazama kitambulisho cha Mukeshimana pale palipoandikwa kabila.

"Nafasi ya watu wenu imejaa," alisema. "Si mimi, ni iringaniza. Kila kabila iko na fungu yake. Utarudia mwaka."

Iliuma. Mukeshimana alirudi darasani, akapiga lipu yake, na jioni alipoikwangua haikutoka.

Wenzake walileta patasi, kisha mtaimbo. Mtaimbo ukapinda. Nsengiyumva akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema chokaa ya safari hii ni nzuri, kesho apige juu yake. Akapiga juu yake. Nayo haikutoka. Ndivyo chumba kilivyoanza kupungua.

Hakuna aliyelifanya hilo kuwa habari. Mji ulikuwa na habari zake: vita kaskazini, redio, vizuizi barabarani. Ukuta ulisogea ndani unene wa kidole kila siku ya masomo, wanafunzi wakahamisha pipa, halafu benchi. Dirisha lilipofunikwa, Bwana Kagabo alilalamika kwamba sasa taa inawaka mchana kutwa.

Mwaka uliofuata Mukeshimana alifaulu tena, akajibiwa vilevile. Nsengiyumva, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila mwoga kama wengi wetu, alimshika bega.

"Ihangane, mwanangu. Vumilia tu. Hata mimi niko na watoto."

"Ndiyo, Mwalimu."

Subira huvuta heri, wanasema. Yake ilivuta ukuta.

Mwanzoni mwa 1994 chumba kilikuwa kimebaki kichochoro cha mtu kupita kwa ubavu. Mukeshimana alikimalizia akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akasawazisha lipu na fremu, akaosha mwiko. Tangu siku hiyo, ukifungua mlango wa darasa ulikutana na lipu, nyeupe na baridi, imenyooka.

Wakaguzi walikuja. Walishusha timazi, uzi ukalala ukutani bila kuacha nafasi ya unywele.

"Hii iko kazi ya fundi," alisema mmoja wao, akampa Mukeshimana mkono.

Wakaamua ndiyo iwe kipimo. Kila mwanafunzi, kabla ya mtihani, aletwe hapo, afungue mlango, aguse, ajue lipu inavyotakiwa kuwa. Darasa likahamia uani, kwenye ukuta mpya.

Siku ya kutoa kadi mwaka huo aliitwa Muhire, ambaye Mukeshimana ndiye aliyemfundisha kushika mwiko. Waliitwa na wengine waliokuja nyuma yake. Mukeshimana hakuitwa. Alingoja watu wapungue, akamfuata Bwana Kagabo.

"Bwana Sekreteri, ile lipu ya mlangoni ni ya nani?"

"Ni ya chama."

"Na mimi je?"

Kagabo alimtazama kwa huruma, huruma ya kweli kabisa.

"Wewe rudi mwezi wa nne. Mwezi wa nne majina ya watu wenu yote yataangaliwa upya."

Mukeshimana alifurahi, maana miaka yote ile alikuwa hajawahi kutajiwa mwezi. Alimshukuru kwa mikono miwili. Uani wanafunzi wapya walikuwa wanaitisha mchanga, akakaza kitambaa kichwani, akajitwika karai.