Bakteria Kwenye Kopo la Kahawa

Anayebisha aje hapa Paraná aulize: mama mkwe wangu, Dona Zulmira, aliwahi kutunywesha shamba.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, mbegu za soya ziko tayari, na shamba letu jipya lilikuwa halijaonja soya tangu Mungu aumbe mawe. Kwenye udongo kama ule, usipozipaka mbegu bakteria wake, mimea inageuka njano na msimu umekwenda. Pakiti yangu ya bakteria, unga mweusi tii, niliitunza kwenye friji. Nyingine ilikuwa mjini, na mto umefunika daraja.

Nafungua friji: pakiti hakuna.

"Mama, ule unga mweusi uko wapi?"

"Kahawa? Nimeichanganya na ile ya koponi. Lakini walikupunja, mwanangu. Ina ladha ya kaburi."

Nami nilikuwa nimeshamaliza kikombe! Siku tatu nilikojoa penye mahindi, na mahindi yale tuliyavuna kwa ngazi.

"Mama, hao ni bakteria!"

"Umeniwekea vijidudu kwenye friji yangu?"

"Vya faida! Wanaingia kwenye mizizi ya soya, mizizi inawajengea vifundo. Soya inawalisha sukari, wao wanaikamatia naitrojeni ya hewani."

"Yaani wanakaa kwa watu, wanakula, na bado wanafanya kazi?" Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Miaka tisa uko kwangu, mkwe wangu. Ungewaiga."

Mke wangu, Neiva, alicheka mpaka akakaa chini. "Paka kopo zima basi! Au unangoja mto ukauke?"

Ningefanya nini? Nikakoroga maji ya sukari, nikazigaragaza mbegu kivulini, maana jua linawaua bakteria, nikamwagia kopo lote, kahawa na kila kitu, huku najilaani. Tukapanda.

Wiki ya tano nikachimba mche mmoja. Vifundo tele, kama punje za mtama. Nikapasua kimoja: ndani pinki kama ufizi wa mtoto. Wazima, wako kazini! Nikamwita mama mkwe aone.

Kosa langu. Aling'oa mche akampelekea jirani. Akang'oa wa padri. Akang'oa wa dada zake wote watano, na kila mmoja akapewa kisu apasue mwenyewe.

"Mama, utalimaliza shamba!"

"Nyamaza wewe. Watu hawaamini kwa kuambiwa."

Kufikia Jumapili mstari wote wa mbele ulikuwa umekwisha, naye ameinama kwenye wa pili.