Anwani Isiyoitika

Ofisi yetu ya ushirika wa kahawa hapa Machame ilikuwa imezidiwa na barua pepe taka. Kila asubuhi nilifuta matangazo ya dawa za nguvu za kiume, mimi mzee wa kanisa! Ndipo Godbless, fundi wa kompyuta kutoka Moshi mjini, akatuwekea kinga. Barua ikibisha hodi, seva yetu, kompyuta inayopokea barua, kwanza inairudia anwani ya mtumaji na kuuliza: huyu yupo, anapokea barua? Pasipo jibu, barua haiingii. Tukapumua.

Mwezi uleule Eliudi, mtoto pekee wa jirani yangu, akafia ughaibuni. Rafiki yake alipiga simu: hospitali ingetuma barua pepe, familia ijibu kwamba inautaka mwili. Mama Eliudi hana barua pepe, nikatoa ya ofisi.

Siku zikapita kimya. Nilitaka kuwapigia hospitali, lakini Mzee Filemon, shemeji yake Mama Eliudi, akanikemea.

"Habari ya msiba huletwa, Gladys. Haifuatwi."

Ukoo ukakubali, nami nikafyata ulimi. Wakafyeka mahali pa kaburi kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, ubavuni mwa kaburi la baba yake.

Rafiki akapiga tena, safari hii analia. Hospitali ilituma, ikatuma tena, kila barua ikakataliwa. Mwishowe waliuchoma mwili, kama wa mtu asiye na ndugu.

Godbless alikuja kukagua. Hospitali ile hutumia anwani ya kutuma tu, haipokei chochote. Seva iliuliza, haikuitikiwa.

"Mama, imefanya kazi yake," alisema.

Nilitamani kumrushia kibodi. Lakini kwa kosa gani? Kinga niliiomba mwenyewe. Nilikaa pale nikalia kwa hasira isiyo na pa kwenda.

Jioni nilimweleza Mama Eliudi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kompyuta yenu haikumjua aliyetuma."

"Ndiyo, mama."

"Lakini barua ilikuwa ya Eliudi. Si ingeniuliza mimi?"



Jana kilifika kiboksi cha majivu yake, unakibeba kwa mkono mmoja. Mzee Filemon alisimama kihambani na jembe, hajui aanzie wapi.

"Shemeji, tuchimbe la ukubwa gani?"

"La mtu mzima," alisema Mama Eliudi. "Mwanangu alikuwa mrefu."