Kadi ya Mtoto wa Zaituni

Mimi Bruhan nililinda magereza miaka arobaini na moja hadi nikastaafu, na wahuni wa kila aina walinisimamia wima. Lakini daktari mmoja wa Mbale, binti mdogo tu aitwaye Nabifo, alinivua nguo nikiwa nimevaa.

Mdogo wangu Hakim, muuza vitunguu wa Nakaloke, ndiye aliyenipigia simu Jinja. "Kaka, huku wanapima mishipa ya damu, hewa ikipungua inafanyaje. Wanataka watu wa kila umri. Njoo, utakuwa mzee wao!" Nikacheka. Asubuhi nikatoka kwangu Mafubira, hapo Jinja, nimepiga pasi shati.

Mapokezi wakaomba kitambulisho. Nikakitoa bila kufikiri. Loh, afande mzima!

Nikalazwa, nikavikwa barakoa, kidoleni wakanibana kidude cha namba ya oksijeni. "Mzee, tunakupa hewa yenye oksijeni kidogo," Nabifo alinieleza. "Mwili ukiikosa, mishipa hupanuka ili damu nyingi ipite. Umri ukienda, kuta zake hukakamaa, inapanuka kwa shida." Akawa anautazama mshipa wa mkono wangu kwenye skrini. Namba ikashuka kutoka tisini na saba hadi themanini na tatu. Nilihema, yeye akakunja uso.

Hakim naye alipomaliza, daktari akatuita wote wawili.

"Mbona hamkuniambia ninyi ni pacha?"

Hakim aliangua kicheko. "Pacha? Huyu alinibeba mgongoni! Amenipita miaka kumi."

"Vitambulisho vinasema siku moja, mwaka mmoja." Akaviweka mezani. "Mishipa yako imepanuka vizuri, Hakim. Ya mzee Bruhan imekaa tu. Kwa mtu wa miaka sitini na miwili naona hatari. Lazima akapimwe moyo."

Hakim akavichukua, akavisoma polepole. Kicheko kikaisha.

Ningeweza kusema karani alikosea. Nilifungua mdomo niseme hivyo, wallahi. Lakini uso uliniwaka kwa aibu, na ndugu yangu alikuwa ananitazama.

Nilipotaka kuingia magereza nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na mwisho wao ulikuwa ishirini na tano. Wengi wetu tulipunguza. Kambini kila mtu alikuwa na umri wa kazini na umri wa nyumbani, na hakuna aliyeuliza. Wenzangu waliapa uongo wao wenyewe. Mimi nilifungua sanduku la mama nikachukua kadi ya hospitali aliyozaliwa nayo Hakim, yenye tarehe yake. Haikuwa na jina. Iliandikwa tu: mtoto wa kiume wa Zaituni. Na mimi je, si mtoto wa kiume wa Zaituni? Ndivyo nilivyojidanganya. Wakaifungia kwenye faili yangu. Mwaka uliofuata Hakim akataka kuwa polisi, akafaulu mbio na kila kitu, wakamdai kadi. Hakuwa nayo. Ndipo alipoanza kuuza vitunguu.

"Daktari," nikasema, "moyo wangu hauna neno. Nina miaka sabini na miwili. Huo ni uzee tu." Kisha nikamgeukia Hakim, na sauti yangu ya kuamrisha wafungwa sijui ilikwenda wapi. "Ile kadi niliichukua mimi. Nisamehe."

Nabifo alifuta kitu kwenye karatasi yake, akaandika upya bila kuniangalia.

Hakim alikuwa anakunjua mkono wa shati, kifungo kinamkataa. "Mama aliitafuta mpaka akapasua godoro," alisema. "Mwaka mzima sikumsemesha. Nilimwambia amenipotezea maisha. Amekufa akiniomba radhi."

"Najua."

"Ulikuwa nyumbani likizo siku ile, kaka. Wewe ndiye uliyemwinulia kitanda."

Akakiacha kifungo, akatoka. Sikumfuata. Ni kweli nilikiinua kile kitanda. Nilikishika juu muda wote, naye mama amepiga magoti, anapapasa sakafu, ananiambia asante, mwanangu, wewe angalau Mungu alikupa moyo mwema.