Nakala ya Alhamisi

Haibe alisema mara tatu, wala hakunong'ona. "Ukitaka kuamsha nakala ya zamani, kwanza ikatie mtandao. Hakuna waya wa kuchomoa, ni alama tu, unabonyeza inatoka. Tafadhalini jameni, mashine iliyolala haijui kwamba imelala." Watu arobaini katika ukumbi wa hoteli ile ya Nakuru wakatikisa vichwa huku wakitafuna mandazi ya saa nne, na Maryanne Aketch akatikisa chake pamoja nao. Hata aliandika kwenye daftari, akapiga mstari chini. Daftari ndilo lililosikia.

Lilikuwa kongamano la siku mbili la mafundi wa kompyuta, na Haibe ndiye aliyefundisha. Shughuli yao yote ilikuwa kuchukua kompyuta moja kubwa na kuumba ndani yake nyingine kumi, ishirini, zisizoshikika, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Moja ya hizo unaweza kuihifadhi kama ilivyo dakika hiyo, uondoke, na ukija kuiamsha baada ya miaka itaendelea pale pale ilipoachia. Wengine walishangilia. Aketch alitulia tuli, maana kazini kwake, kwenye kliniki ya figo mjini Kajiado, alikuwa ameficha nakala ya namna hiyo kwa miaka miwili.

Tuseme ukweli kuhusu hiyo nakala. Mumewe Opiyo alikuwa mgonjwa wa kliniki hiyo hiyo, akisafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa. Siku moja kabla, saa kumi jioni, mashine ya kliniki huwatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha, nao hujibu. Opiyo alikuwa mtu wa mzaha. "Nakuja, mwambieni fundi wenu aniwekee chai." "Nakuja, lakini ile sindano kubwa wapelekee maadui." Majibu yalitokea kwenye kioo cha kompyuta ya Aketch, na ofisi nzima ilivunjika mbavu. Basi Alhamisi moja akaandika: "Kesho siji. Nimechoka." Wakacheka kama kawaida. Aketch mwenyewe alicheka. Ijumaa alitumwa Nairobi kwa shughuli za ofisi, na jioni aliporudi nyumbani kwao Kitengela akamuuliza mumewe, "Ulienda?" Opiyo akasema, "Nilienda." Jumapili alikuwa amekufa.

Sasa, Alhamisi ile ile, saa kumi kasoro dakika tano, Aketch alikuwa amehifadhi nakala ya mashine kabla ya kufanya marekebisho madogo. Bahati tu, au sijui tuiite nini. Ndani ya nakala hiyo ujumbe ulikuwa haujatumwa. Opiyo alikuwa hajasema haji. Angepaswa kuifuta baada ya mwezi, ndiyo sheria ya kazi, lakini nani angefuta kitu kama hicho? Aliipa jina "Usiguse" akaiacha.

Haibe akasema, "Ingieni kwenye mashine za kazini kwenu, kila mtu aamshe nakala moja, ya zamani kuliko zote." Aketch angeweza kuchagua nyingine. Alikuwa nazo kumi na nne. Lakini wee, mkono wake ulikwenda pale pale, na jina la Opiyo lilipotokea katika orodha ya Ijumaa macho yakajaa machozi, hakukumbuka kuikata alama ya mtandao. Dakika tano zikapita. Nakuru nako ilikuwa Alhamisi, saa tano asubuhi. Ndani ya nakala ikagonga saa kumi jioni, Alhamisi ya miaka miwili nyuma, na mashine ikafanya kazi yake.

Simu ya Odero, mwenzake wa ofisini Kajiado, haikuchelewa. "Aketch, umefanya nini? Watu thelathini na wanane wameitwa kliniki kesho! Kumi na mmoja wao ni marehemu! Kuna mama wa Isinya anauliza nani amemwita mzee wake, haki ya Mungu sijui nimjibu nini."

Majibu yalikuwa yameanza kuingia kwenye kioo cha Aketch. Wazima, ambao wengi siku hizi hawaji Ijumaa, waliuliza mbona siku zimebadilishwa. Halafu, kwenye mstari wa Opiyo, kutoka namba ya Opiyo, likaingia neno moja.

"Nakuja."

Aliizima ile nakala, na Haibe alipomsogelea na kumuuliza, "Dada, uko sawa?" akasema yuko sawa, akakusanya vitu vyake na kutoka. Mkubwa wake alimpigia akiwa bado mlangoni: kesho saa tatu awe kliniki, awaombe watu msamaha, na kitu hicho akifute mbele yao. Kituoni, akingoja gari, aliipiga ile namba ya Opiyo. Aliamini simu ya Opiyo ilizikwa pamoja na nguo zake huko kwao Ugenya. Ikaita. Iliita mpaka ikakatika.

Alifika Kitengela jioni. Mama mkwe wake, Mama Immaculate, aliyekuja kuwaona wakati wa ugonjwa akabaki baada ya mazishi, alikuwa ameshajifungia chumbani. Hakumwamsha. Alikaa sebuleni na simu mkononi, akatamani kuipiga tena namba ile, akaogopa itapokelewa. Asubuhi alikuta kitanda cha Mama kimetandikwa na mwenyewe hayupo. Akadhani ameenda misa.

Kajiado, benchi za kliniki zilikuwa zimejaa. Mbele kabisa alisimama mama mmoja, shuka begani, hakutaka kukaa. Aketch alijua bila kuambiwa kwamba huyu ndiye wa Isinya. Aliitwa Nashipae.

"Takwenya," Aketch akamwamkia kwa Kimaasai.

Nashipae hakuitikia. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Naomba msamaha, mama. Ilikuwa makosa yangu."

"Sikia. Kwetu mtu akienda, jina lake tunaliacha. Watoto hawalitaji, mimi silitaji. Wewe umelituma kwa simu ya msichana wangu, akalisoma kwa sauti nyumba nzima ikasikia. Tangu jana hakuna mtu amekula." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo lilimuumiza Aketch zaidi. "Hiyo mashine bado inaliweka?"

"Ndiyo."

"Litoe. Niko hapa."

Aibu ilimpanda Aketch mpaka masikioni. Kwa watu wake mwenyewe marehemu hutajwa, mjukuu hupewa jina lake, na miaka hiyo yote alidhani kuwaweka wale kumi na mmoja katika orodha ni kuwaheshimu. Hakuwauliza jamaa zao. Akageuka kutafuta mahali pa kuweka kompyuta, na hapo ndipo alipomwona Mama Immaculate. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi ya nne, amekumbatia chupa ya uji na sweta ya kijani ya Opiyo. Simu ya Opiyo ilikuwa mapajani, imejaa chaji.

"Mama! Ni wewe uliyejibu?"

"Kaa chini, nyar Alego." Alimwita hivyo, binti wa Alego, tangu alipoolewa. "Sikuizika. Huwa naichaji kila Jumapili."

Aketch akakaa.

"Siku ile nilimwona akiandika kwamba haji," Mama akasema. "Nikampikia uji, nikamwambia alale, mwili wake si wa punda. Ulipomuuliza Ijumaa jioni nilikuwa jikoni. Nikamsikia akisema alienda. Nikanyamaza."

Aketch alimtazama. Miaka miwili wamekula meza moja. "Mimi niliusoma ujumbe wake nikacheka," akasema. "Uliingia kwangu, Mama, nikaona ni mzaha. Nilicheka." Hakuwahi kumwambia mtu. Alilia pale pale mbele ya watu, bila kujificha.

Mama alingoja amalize. "Jana ujumbe ulipoingia tena, maneno yale yale, kesho Ijumaa saa tatu, nilisema Mungu amenirudishia siku yangu. Usinitazame hivyo, sijapoteza akili. Udongo nilimtupia mimi. Lakini mtoto wangu aitwe mara ya pili, na mimi nikae nyumbani?"

Nashipae alikuwa amesikia yote. Alisogea karibu na benchi, akasimama hapo.

Aketch akafungua kompyuta. Safari hii aliikata ile alama ya mtandao kwanza, akahakikisha mara mbili, ndipo akaiamsha nakala. Orodha ikatokea. Opiyo: Nakuja. Kando yake palikuwa na kisanduku kitupu ambacho nesi hutia alama mgonjwa akifika.

"Sasa unafanya nini?" Mama akauliza.

"Naifuta. Yote. Haitarudi tena."

Mama akaiweka ile sweta juu ya magoti ya Aketch. "Weka kwanza kwamba alifika."

Aketch akaweka alama. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika mbili. Walikaa wote wawili wakikitazama kisanduku, na mlangoni nesi akaita jina la mgonjwa mwingine, aliye hai, naye akainuka akaenda. Kisha Aketch akaizima nakala, akabonyeza pa kufuta. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza tena.

"Ameenda?" Mama akauliza.

"Ameenda, Mama."

Ndipo Nashipae akaitikia ile salamu, akavuta shuka yake na kuketi kando yao.