Kengele Iliyonyamaza

Kwenye mtaro wa mabomba ya majitaka walimwita Kengele, na jina lilimkaa. Udongo ukitaka kuporomoka, mwili wake ndio uliojua kwanza: malaika yalimsimama, mikono ikatetemeka, moyo ukamwenda mbio. Basi hapo watu walitoka mtaroni wakisukumana na kucheka, "Kengele imelia!" Mara mbili udongo ulianguka nyuma ya migongo yao. Tangu hapo hakuna aliyekagua tena mbao za kuzuia kuta. Walikagua mikono yake. Uvivu mtupu, lakini nani angewaambia?

Kisha daktari akampa vidonge vya kutuliza moyo. Daktari mwenyewe alikuwa wa maneno mengi.

"Unadhani moyo unakwenda mbio kwa sababu unaogopa," alimwambia. "Wapo wataalamu wanaosema ni kinyume. Mwili unaanza kutetemeka, ndipo mtu anajikuta ana hofu. Ukiunyamazisha mwili, na hofu inapungua."

Kengele alifurahi, akawa analala usingizi wa pono. Kazini hakusema kitu. Aliona haya, kengele isiyolia ni ya nini?

Asubuhi moja, baada ya mvua, alisimama ukingoni na shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeoa juzijuzi tu. Ukutani palikuwa na ufa wa kuingia mkono. Maji yalichuruzika, na ubao mmoja ulikuwa umepinda. Kengele aliyaona yote. Akasubiri moyo umwambie. Moyo ulidunda taratibu, kama wa mtu anayekunywa chai kwake.

"Vipi, shem?"

"Kuna ufa."

"Ufa nauona. Mikono je?"

Kengele akainyoosha. Ilikuwa imetulia tuli.

"Basi hakuna neno!" Shemeji akashuka ngazi akipiga mluzi, na wenzake wawili wakamfuata.

"Ngojeni," alisema Kengele, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. Hakuna aliyegeuka. Alijua inampasa apige kelele. Aliitafuta hofu mwili mzima, asiione.

Mbao zikalia. Udongo ukashuka wote kwa mpigo, na mluzi ukakatika.

Watu walikuja mbio na makoleo, wakichimba huku wakilia. Msimamizi naye alifika anahema, akamwona Kengele amesimama kimya, mikono haichezi hata kidole.

"Tulieni, jamani!" akapaza sauti. "Mwangalieni Kengele, hatetemeki. Watakuwa wazima hao. Chimbeni polepole."

Na makoleo yakapunguza mwendo.